Kitabu Kilichopigwa Pasi

Benchi letu lina miguu mitatu yake na mmoja wa kuazima, ambao ni tofali. Liko kwenye kona, kati ya kibanda changu cha viatu na duka la cherehani, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka kwa nguvu, maana tutaanguka wote. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa kila siku baada ya adhuhuri, kazi ikiwa imepungua na jua limehamia ng'ambo ya barabara. Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote kati yetu, ila anatugombeza kama vile ametulea. Betri ni fundi wa simu. Asubuhi ana moto, ikifika jioni hata salamu haitikii. Mimi ndiye Soli. Na yule mrefu mwenye sindano kwenye ukosi wa shati, fundi cherehani, ni Tanbihi. Jina hilo alilitafuta mwenyewe. Tangu alipoanza kusoma libuku moja la historia ya maktaba, miezi saba iliyopita, hasemi jambo bila kulipachikia maelezo madogo chini yake, kama yale ambayo wasomi huandika kwa herufi za chawa mwisho wa ukurasa. Ukimwambia jana mvua ilinyesha, anakuuliza hiyo habari umeipata wapi.

Siku hiyo alitoka dukani kwake akiwa amekifunga kitabu kwa kipande cha kitambaa cha suti. Akaketi, akakiweka magotini, na Shangazi alipomnyooshea kikombe akatikisa kichwa. Mimi na Betri tukatazamana.

— Umefiwa? Betri akauliza.

— Bado. Saa kumi.

— Saa kumi kuna nini?

— Saa kumi maktaba inafungwa. Kesho wanahesabu vitabu vyote, na hiki lazima kilale kwenye rafu yake leo.

— Sasa si ukirudishe! nikasema. Miezi saba, bwana wee. Angekuwa mtoto angeshaanza kukaa.

— Soli, kurudisha si tatizo. Tatizo nimekipiga pasi.

Benchi letu limesikia mengi. Limesikia mtu aliyeoa bila kumwambia mama yake, na mtu aliyemwogesha kuku kwa sabuni ya unga. Lakini kitabu kupigwa pasi, hilo lilikuwa geni, hata Shangazi akaweka birika chini.

— Mwanangu, akasema, kilikuwa na makunyanzi?

Tanbihi akakifungua kile kitambaa. Kitabu chenyewe kinene, jalada la kijivu, hakuna hata picha. Akafunua kurasa za mwanzo. Ukurasa wa kumi ulikuwa na doa kubwa lenye mng'aro, karatasi imekuwa kama ile ya kufungia maandazi, na maneno ya upande wa pili yanachungulia kwa nyuma yakiwa yamegeuka. Wa kumi na moja hivyo hivyo. Kurasa kumi na mbili.

Akatueleza, na alivyoeleza nilielewa kwamba hakuna mtu duniani angeweza kufanya kosa hilo isipokuwa yeye. Maneno ya wasomi ni mazito, akasema, na yeye hawezi kusoma kitu kizito mikono ikiwa mitupu. Kwa hiyo alisoma kama anavyokata nguo, kamusi kulia, kitabu kushoto, na chaki ya fundi mkononi. Ile ya nta, ya buluu. Mahali maana ilipobana aliweka msalaba. Sentensi ikiwa ndefu kupita kiasi aliandika pembeni, "pinda inchi mbili." Palipomgusa alizungushia duara. Hakuwa na wasiwasi, kwa sababu chaki ile kwenye kitambaa ukiipitishia pasi ya moto inapotea, na mwenye suti hajui kabisa kama alichorwachorwa. Juzi akatandika kitambaa safi juu ya ukurasa, akapitisha pasi. Buluu ikapotea. Akafurahi. Akapiga kumi na mbili mfululizo. Zilipopoa ndipo nta ikajitokeza.

— Karatasi haina nyuzi, akasema polepole. Kitambaa kinaimeza nta. Karatasi inabaki nayo mdomoni.

— Samaki mkunje angali mbichi, Betri akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni.

— Hiyo inaingiaje hapa? nikamuuliza.

— Kitabu kilikuwa kimeshakauka, Soli. Fikiria.

Sikutaka kufikiria. Nilikuwa namtazama Tanbihi, na nilimwona ni mtu aliyeumia kweli. Maana sisi wote tulijua kitabu kile alikipataje. Kilikuwa cha kusomea mle mle ndani, hakitoki. Yeye ana duka, hawezi kushinda maktaba. Alikwenda mara nne kumwomba mkutubi, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, na mara ya nne mama yule akamwambia, "Fundi, hiki kimeandikwa na msomi kwa ajili ya wasomi wenzake. Utachoka." Tanbihi akajibu, "Basi nichokee nyumbani." Mama akakitoa, akakigonga muhuri, akamwambia kila wiki mbili akilete kigongwe muhuri mwingine, na asimponze. Sasa kesho kinahesabiwa mbele ya wakubwa. Yeye atanyang'anywa kadi, na mama ataulizwa kitabu cha ndani kilitoka vipi.

— Hilo dogo, Betri akasema. Unasema kimepotea.

— Na kadi?

— Kadi watakunyima, lakini heshima inabaki. Heri kupotea kuliko kuunguzwa.

— Mpuuzi wewe, Shangazi akamkata. Kikipotea kilichotoka bila ruhusa, yule mama atakuwa mwizi. Mpelekee dakika tano kabla ya kufunga. Mtu akiwa anatafuta mkoba wake hatazami kurasa.

— Sema kilinyeshewa, nikasema mimi.

— Miezi hii hakuna mvua, Tanbihi akanijibu. Wataniuliza nimeipata wapi.

Niliumia kidogo, lakini nilistahili.

Betri akasimama. Akisimama ujue nadharia inakuja.

— Mnajua kwa nini wako wakali hivi na vitabu vyao? Sikilizeni. Maktaba hazikujengwa ili vitabu visomwe. Zilijengwa visisomwe. Ukitaka kuficha kitu usikizike, kiweke katikati ya vingine elfu kumi vinavyofanana. Mfalme wa kwanza alikuwa na kitabu kinachosema babu yake alikuwa mwizi wa mbuzi. Akikichoma, watu watauliza kwa nini. Akaona heri avikusanye vitabu vyote vya mji, akajenga jumba, akatangaza: karibuni msome, ila kimya. Kwa nini kimya? Ili wawili waliosoma kuhusu mbuzi wasiambiane!

— Kimya ni kwa sababu ya marehemu, Shangazi akasema bila kupandisha sauti. Nusu ya walioviandika wamekufa. Unapoingia mle wanakuwa wanaongea wao kwa wao. Ukipiga kelele unawakatisha, na maiti aliyekatishwa neno harudii.

— Mimi naona, nikasema, maana sikukubali kuachwa nyuma, maktaba ya kwanza ilikuwa duka la viatu. Zamani si waliandika kwenye ngozi? Nani mwenye ngozi? Sisi. Fundi mmoja alikosa wateja msimu mzima, ngozi zimejaa ndani, mke anamsema. Akaanza kuandika aliyosemwa. Kila ngozi matusi yake. Akazipanga kwa tarehe ili mke akirudia amwonyeshe. Hiyo ndiyo maktaba.

Tulicheka, hata Shangazi. Tanbihi hakucheka. Akafungua kitabu katikati, sura ya saba, mahali penye duara la chaki ambalo halijaguswa na pasi.

— Soli, hilo la ngozi lina ukweli wake. Vitabu vya zamani vikichakaa, au vikiwa na mambo yasiyotakiwa tena, ngozi zake walipewa mafundi wazikate. Humu anasema mafundi cherehani waliziingiza kwenye ukosi na kwenye bitana ili nguo isimame. Mtu anatembea na ukurasa shingoni asijue.

— Kikulacho ki nguoni mwako! Betri akapiga makofi.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi methali ya Betri kuangukia karibu na mahali pake, na yeye mwenyewe alishtuka.

— Kurasa mia sita na kitu, Tanbihi akaendelea. Wamo wafalme, wamo wanazuoni, wamo matajiri walionunua vitabu kwa uzito. Wenye ufundi wangu wametajwa mara moja tu. Mara moja! Na ni kwa kukata vitabu. Niliposoma pale nilifunga duka. Nikasema basi, mimi nitakuwa wa kwanza kutajwa kwa kusoma. Sasa tazama nilichofanya.

— Na wenye viatu tumetajwa? nikauliza.

— Mmo. Kwenye tanbihi.

Aliyesema kitabu cha wasomi hakiumi ni mwongo. Nilikinywa kile kikombe chote kwa mkupuo mmoja.

— Lakini ebu niambie, Shangazi akamgeukia, na safari hii alimwuliza kwa upole. Ulikuwa unakitakia nini? Fundi mzima, macho yenyewe unayabana kutunga uzi. Kuna vitabu vyepesi. Kuna vya mapenzi.

Tanbihi akafikiri. Huwa anafikiri huku akipapasa jalada kwa kidole gumba, kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukubali kazi.

— Shangazi, kitabu hiki hakikuandikwa kwa ajili yangu, na kwa sehemu kubwa huo ndio utamu wake. Nimekaa kama mtu aliye chumba cha pili, anasikia wakubwa wanazungumza. Hawanibembelezi. Hawaniambii "mpendwa msomaji." Wanagombana wenyewe huko chini ya ukurasa, huyu anamwambia yule, umekosea mwaka, rudi ukatazame. Miezi miwili ya kwanza sikuelewa kitu. Halafu siku moja nikamjua mmoja kwa sauti. Nikasema, ah, huyu tena, mkorofi huyu. Nilifurahi kama nimekutana na jirani ugenini.

— Na umejifunza nini? Betri akauliza, na naapa hakuwa anamdhihaki.

— Kwamba maktaba hazifi kama tunavyodhani. Wewe umezoea kusikia za moto. Moto upo, lakini moto unakumbukwa. Nyingi zinakufa kwa unyevu, na panya, na paa ambalo kila mtu anajua linavuja. Na kwa mtu mmoja mpole anayepita kwenye rafu akisema, hiki nani anakisoma? Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Na kila anapofika kwa wasomaji wenyewe, watu kama mimi na wewe, msomi anaandika: hawa hatuwajui, hawakuacha alama. Sura hii, hawakuacha alama. Sura ile, hawakuacha alama. Nikashika chaki.

— Kwa hiyo ulifanya makusudi! nikasema.

— Chaki ya kufutika, Soli.

— Lakini ulitaka zifutike, au ulitaka zibaki?

Akaligusa lile duara la chaki kwa kidole.

— Nilitaka zibaki, akasema. Halafu juzi nikaogopa. Nikaona mtu mzima, mzazi, mwenye duka, ninachora vitabu vya serikali. Nikachukua pasi. Kama ningeacha vile vile, vingebaki vialama tu, hata mkutubi angenisamehe. Nimeharibu kwa kuficha.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Betri alisema, na hakuna aliyemuuliza inaingiaje, kwa sababu hatukuwa na hakika kwamba haiingii.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja tusiyemjua, wa makamo, mfuko wa ununuzi mkono mmoja na ndala ya ngozi mkono wa pili, anachechemea na mguu mtupu. Akanipa ile ndala. Kamba ya mbele ilikuwa imekatika. Nikamkaribisha benchi akae asubiri, na Betri, ambaye hawezi kumwacha mgeni apite bila methali, akamwambia:

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama.

— Guu langu zima, baba. Kilichokatika ni kamba.

Akaketi upande wa tofali. Shangazi akammiminia kahawa. Sisi tukarudi kwenye kesi yetu. Betri sasa alikuwa na mpango mpya: Tanbihi azipige pasi kurasa zote zilizobaki, mia sita na kitu, kitabu kizima king'ae, halafu aseme ndivyo kilivyochapishwa. Shangazi akasema heri akikate ukurasa wa kumi hadi wa ishirini na moja, ashone vizuri, maana hakuna mkaguzi anayeanza kusoma mwanzoni. Mimi nikasema afadhali amwandikie yule msomi barua, amwambie alama aliyokuwa anaitafuta imepatikana, aje aichukue na kitabu chake. Tulikuwa tunasema kwa zamu na kwa kupokonyana, na kitabu chenyewe kiko wazi magotini mwa mwenyewe, na saa inakwenda. Ilikuwa imeshapita tisa na nusu.

— Samahani, jamani, yule mama akasema. Naomba kuuliza.

— Uliza, mama, Betri akasema. Sisi ndio wenye majibu.

— Hicho kitabu, kuna mtu anakisubiri?

— Mkutubi, Tanbihi akasema. Kesho wanahesabu.

— Hapana. Wa kukisoma. Baada yako wewe. Kuna mtu?

Shangazi akachukua kikombe kisicho na kitu, akakifuta. Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Tanbihi akageuza kitabu, akafungua jalada la mwisho, penye kikaratasi cha mihuri. Sote tukainama. Mihuri kumi na mitano, wino ule ule, wiki mbili baada ya wiki mbili. Yote yake. Kabla ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe, hata muhuri wa kusomewa mle ndani haupo.

— Sijui, akasema. Sijawahi kujiuliza.

— Maana kama yupo, yule mama akasema, bila ubaya wowote, si umemharibia?

— Kama yupo nimemharibia kurasa kumi na mbili.

— Na kama hayupo?

Alikifunga kitabu. Nimemjua mtu huyu miaka kumi na moja. Nimemwona akimzika mkewe, na siku ile alisimama wima. Sasa alikuwa ameinama, amekishika kile kitabu kwa mikono miwili.

— Mungu amjalie awepo, akasema. Hata kama atanilaani.

Akasimama. Hakukifunga tena kwa kitambaa. Alikikumbatia wazi kama kilivyo, akaanza kuvuka barabara kuelekea maktaba. Hakuna aliyemwita. Betri alikuwa anatazama viatu vyake. Na mimi niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Miezi saba mtu amekaa nami benchi moja na kitabu mkononi, nimempa jina la kumcheka, nimemcheka, na hata siku moja sikumwambia, ebu nisomee hapo. Mimi kusoma najua. Nasoma vibao, nasoma namba za viatu, nasoma risala za msiba. Sijawahi kusoma kitu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yangu.

Nikaiacha ndala kwenye kigoda, sindano ikiwa imo ndani.

— Tanbihi!

Akageuka, katikati ya barabara.

— Mwambie mkutubi yupo mmoja.

— Nani?

— Mimi. Niandike mimi.

— Soli, hata kadi huna! Betri akaropoka nyuma yangu.

— Ndiyo naifuata. Twende wote.

Tanbihi alinitazama kama anayetaka kuniuliza nimeipata wapi habari hiyo. Mwendesha baiskeli akampigia kengele, akasogea, akanisubiri ukingoni. Nyuma yangu nilimsikia yule mama akiuliza sasa ndala yake vipi, na Shangazi akimwambia akae, kahawa ingalipo. Nilipomfikia mwenzangu alikuwa amekifungua kitabu mwanzoni, ananionyesha madoa, kama fundi mwaminifu anayemwonyesha mteja kasoro kabla hajachukua nguo.

— Tazama vizuri kabla hujajitia, akasema. Kumi na mbili hizi hazisomeki.

— Hizo utanisimulia wewe.